Kitufe cha Ghala la Hariri

Kila asubuhi, kabla vitanda vya kufumia havijaanza kupiga kelele katika mitaa ya Kanchipuram, mji wa wafumaji wa hariri, Kuyili na bibi yake walikuwa wakifagia mbele ya mlango, wakinyunyiza maji, kisha wakichora maua kwa unga wa mchele. Bibi Angammal alichora ua zima bila kuinua mkono. Kuyili, msichana wa miaka kumi na miwili, alichora jani moja, akalifuta kwa kidole, akachora tena.

"Haraka haraka haina baraka," Bibi alimwambia. "Na usinikanyagie ua langu, tafadhali."

Ua la Bibi halikukanyagwa na mtu. Hata muuza maziwa alilizunguka. Bibi alikuwa hasikii vizuri, na kifua chake kilimsumbua siku za mvua, lakini mtu akiweka mguu juu ya ua lake alijua mara moja, hata akiwa amempa mgongo.

Katika nyumba ile aliishi pia Shangazi Malarkodi, mdogo wake baba. Yeye hakufuma. Kazi yake ilikuwa kufunga milango ya umeme, ile inayofunguka kwa kadi, na alizunguka mjini kwa skuta yake akiwa na mkoba wa bisibisi, koleo na mita ya kupimia umeme. Siku za likizo alimchukua Kuyili, kwa sababu Kuyili alikuwa na macho makali na hakuchoka kuuliza maswali.

Kuyili alikuwa na siri moja tu, na hata hiyo haikuwa siri tena. Aliogopa giza. Aliogopa hasa giza la chumba kilichofungwa. Siku moja umeme ulikatika darasani wakati madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na yeye akapiga ukelele uliosikika hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Tangu siku hiyo Maaran, mtoto wa fundi wa kutia nyuzi rangi, alimwita Mama Taa.

"Mama Taa, leo mafuta yapo?" angeuliza akikutana naye njiani.

"Uliza akili yako kama ipo," Kuyili angejibu. Lakini moyoni iliuma.

Mwezi ule ushirika wa wafumaji ulikuwa ukifungiwa milango mipya. Mwaka uliotangulia mabunda ya hariri yalitoweka ghalani, na kila aliyeulizwa aliapa kwamba ufunguo haukuwa kwake. Mwenyekiti, Mzee Ekambaram, alichoka. "Funguo zina miguu," alimwambia Shangazi. "Mimi nataka mlango unaojua nani ni nani."

Shangazi alifunga sanduku la chuma ukutani katika korido. Hiyo ndiyo paneli. Waya za milango minne ziliingia humo, na waya mmoja wa mtandao ulitoka humo kwenda kwenye kompyuta ya ofisini, ili mwenyekiti aone nani amepita wapi. Nje ya kila mlango palikuwa na kifaa cha kusomea kadi. Juu ya mlango palikuwa na sumaku nzito iliyoushika kwa nguvu ya umeme. Ndani, ukutani, palikuwa na kitufe cha kijani cha kutokea.

"Na umeme ukikatika?" Kuyili aliuliza.

"Kuna betri ndani ya paneli. Mlango unabaki umeshikwa, mwizi asifurahi."

"Na mtu aliye ndani?"

"Anabonyeza kitufe, sumaku inaachia, anatoka."

"Na kitufe kikikataa?"

Shangazi aliacha kukaza waya, akamtazama. "Ndiyo maana tunajaribu kila mlango kabla ya kuondoka. Mtu yeyote anaweza kufunga mlango usifunguke, Kuyili. Kazi ni kuhakikisha mtu anatoka."

Jioni ya siku ya mwisho walianza kujaribu. Shangazi alikaa ofisini mbele ya kompyuta. Kuyili aliingia chumba kimoja baada ya kingine, akafunga mlango, akabonyeza kitufe, akatoka. Kwenye kompyuta, alama ya mlango ilibadilika ikaonyesha kwamba uko wazi. Mlango wa ofisi ulikuwa sawa. Chumba cha vielelezo kilikuwa sawa. Chumba cha nyuzi za dhahabu kilikuwa sawa.

Likabaki ghala la hariri, mwisho wa korido. Ghala lile halikuwa na dirisha, maana jua hupausha hariri, na taa yake ilikuwa imeungua. Kuyili alisimama kizingitini. Mbele yake mabunda ya nyuzi yalipangwa hadi darini, na nyuma ya mabunda hapakuonekana kitu. Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya rangi. Akaweka mguu mmoja ndani, akauondoa.

Maaran alikuwa akipita na kapu la nyuzi kichwani. "Haya, Mama Taa!" alisema huku akicheka. "Leo umepatikana!" Akaenda zake.

"Mlango wa nne!" Shangazi aliita kutoka ofisini. "Uko ndani?"

Kuyili alitaka kusema, Shangazi, naogopa. Lakini Maaran alikuwa bado hajatoka kwenye korido.

"Niko ndani!" akajibu, akiwa nje, mlango ukiwa wazi mbele yake.

"Bonyeza!"

Kuyili hakubonyeza kitu. "Nimebonyeza!"

Shangazi alitazama kompyuta. Mlango wa nne ulionekana uko wazi, kama mingine ilivyoonekana baada ya kitufe kubonyezwa. Kompyuta haikudanganya, mlango ulikuwa wazi kweli. "Safi sana!" akasema. "Kazi imekwisha. Twende nyumbani, mikono ya bibi yako inanukia dengu kutoka hapa."

Walipokula, Shangazi alimsifu mbele ya Bibi. "Huyu atakuwa fundi kunishinda mimi." Kuyili alitazama sahani yake. Dengu za nazi, chakula alichokipenda kuliko vyote, alizisogeza pembeni bila kuzimaliza. Akajiambia kwamba vitufe vitatu vilikuwa vizima, basi na cha nne bila shaka ni kizima. Nani ataumia?

Siku iliyofuata ilikuwa sikukuu ya zana. Siku hiyo chombo chochote kinachompa mtu riziki husafishwa, hupakwa liwa ya msandali na unga mwekundu, huvikwa maua, kisha hulazwa mbele ya Mungu kipumzike. Kikishalazwa hakiguswi mpaka kesho yake. Hata watoto huweka vitabu vyao hapo, na hiyo ndiyo sheria wanayoitii kwa furaha kuliko zote.

Wafumaji walijaa katika ukumbi wa mbele wa ushirika. Vitanda vya kufumia vilivikwa maua. Kompyuta ilizimwa ikapakwa liwa kwenye paji la uso, kama bibi harusi. Bisibisi, koleo, mita na kijifunguo cha paneli vililala kwenye sinia la shaba chini ya maua ya manjano. Paneli nayo iliachwa ikiwaka, lakini ilipata nukta yake nyekundu. Mzee Ekambaram alikuwa ameomba kwamba siku za sikukuu kadi yoyote isifungue ghala, na Shangazi aliipanga paneli hivyo mara tu alipokwisha kulifungua ghala. Kwa kuwa ghala lilihitaji kupambwa, Shangazi aliuacha mlango wake wazi asubuhi ile na kuuzuia kwa jiwe. Baada ya ibada angeliondoa.

Mpiga zumari akaanza, mpiga ngoma akafuata, na kengele zikalia. Hapo ndipo Kuyili alipotazama huku na huku asimwone Bibi.

"Umemwona bibi yangu?" alimuuliza Maaran, aliyekuwa akitafuna bisi za mchele.

"Si yuko na chetezo chake? Anafukiza ubani kila chumba. Nimemwona akiingia ghala la hariri. Tena amenigombeza! Eti nani ameweka jiwe juu ya ua lake. Alikuwa amechora ua pale kizingitini alfajiri."

"Jiwe amelifanya nini?"

"Ameliondoa. Ulitaka alibusu?"

Kuyili hakuaga. Alikimbia kwenye korido, na zumari likabaki nyuma yake. Mlango wa ghala ulikuwa umefungwa, jiwe liko kando, na mkia wa ua la unga ulionekana chini ya mlango.

"Bibi!"

Hakujibiwa. Kuyili aliuvuta mlango kwa mikono miwili. Haukutikisika. Akatoa kadi aliyopewa na Shangazi kwa majaribio, akaiweka kwenye kifaa. Taa nyekundu. Akaiweka tena, akaipangusa kwenye sketi, akaiweka tena. Nyekundu. Leo ni sikukuu.

Kisha akasikia kikohozi cha bibi yake nyuma ya mlango, na baada ya kikohozi, tiki, tiki, tiki. Bibi alikuwa akibonyeza kitufe. Sumaku haikuachia. Kitufe hakikufanya kazi.

Mle ndani mlikuwa na chetezo chenye makaa, na moshi haukuwa na pa kutokea. Mlikuwa na hariri hadi darini. Na mlikuwa na kifua cha Bibi.

Kuyili alirudi mbio ukumbini, akapenya kati ya watu, akamshika Shangazi mkono. "Bibi amefungiwa ghalani!"

Shangazi aliinama amsikie, maana ngoma ilikuwa juu. "Amefungiwa vipi? Mwambie abonyeze kitufe."

"Shangazi, njoo! Lete bisibisi!"

Mzee Ekambaram aligeuka, uso umekunjamana. "We mtoto, zana zimeshalazwa. Haziguswi mpaka kesho."

"Hana shida, Mzee," Shangazi alisema kwa utulivu. "Kitufe kiko palepale ukutani, labda hakioni. Kuyili, nenda ukampigie kelele, umwambie ni cha kijani. Wewe mwenyewe ulikijaribu jana."

Kuyili alifungua mdomo. Watu wote walikuwa wakimtazama sasa: wafumaji, kuhani mwenye kengele, Maaran na bisi zake. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu wote waliamini kitufe ni kizima. Wangekaa palepale, watulivu, mpaka ibada iishe.

"Sikukijaribu!" alipiga kelele. "Sikuingia! Niliogopa giza, nikadanganya! Kitufe hakifanyi kazi, na Bibi ana makaa mle ndani!"

Zumari likakatika. Uso wa Shangazi ulibadilika rangi, akatazama sinia la shaba, akasita, maana na yeye alikulia katika mtaa ule na hakuwahi kugusa zana siku ya sikukuu.

Aliyeinama ni Mzee Ekambaram. Alisukuma maua kando kwa mkono wake mwenyewe, akachukua bisibisi na kijifunguo vikiwa bado vina liwa, akamwekea Shangazi kiganjani. "Kimbia, mwanangu," alisema. "Mungu ataelewa."

Kuyili alifika mlangoni wa kwanza. Akagonga kwa ngumi. "Bibi! Weka chetezo chini! Mbali na nyuzi! Kaa chini!" Hakujua kama Bibi anamsikia. Akagonga tena, na kutoka ndani Bibi akagonga naye, taratibu. Harufu ya ubani ilikuwa inapenya sasa, tamu na nzito, na ndani yake ilikuwamo harufu ya kitu kinachoungua.

"Zimeni umeme!" mfumaji mmoja alipiga kelele.

"Hapana, haisaidii, kuna..." Shangazi alianza kusema, lakini mtu alikwisha kuvuta swichi kuu. Korido ikawa giza. Mlango haukuachia. Betri ilikuwa imechukua zamu, kama ilivyofungwa ifanye.

Giza lilikuwa pande zote, lile analoliogopa Kuyili, lakini hakuondoa mkono mlangoni. Akagonga. Bibi akagonga, mara moja tu, kwa udhaifu. Kuyili akagonga tena. Safari hii hakujibiwa.

"Bibi! Bibi yangu! Nijibu!"

"Tochi!" Shangazi aliita, na Maaran akawasha tochi ya simu ya baba yake, akaimulikia paneli. Kijifunguo kiliteleza kwa ajili ya liwa. Shangazi akakifuta kwenye sari yake mpya, akakiingiza tena, paneli ikafunguka. Akaingiza mkono chini, akazishika waya za betri, akazing'oa.

Juu ya mlango sumaku iliachia, tak.

Kuyili aliuvuta mlango, na moshi ukamwagika nje. Hakusubiri mtu. Aliingia ndani ya giza lile akitambaa, akipapasa, mpaka akashika mguu uliovaa bangili ya fedha. Shangazi alishika mabega, wakamburuta Bibi hadi uani. Mzee Ekambaram akapita nyuma yao na ndoo ya maji, akamwagia chetezo na bunda moja la hariri nyekundu lililokuwa limeanza kufuka pembeni.

Bibi alilala chini, macho yamefumba. Kuyili alimshika mkono na kulia bila aibu. Hatimaye kifua kile kikavuta pumzi, kikakohoa, kikakohoa tena, na jicho moja likafumbuka.

"Nani," Bibi aliuliza kwa sauti ya kukwaruza, "aliweka jiwe juu ya ua langu?"

Watu walicheka huku wakifuta machozi. Shangazi alisema, "Ni mimi, Mama," akalia kuliko wote.

Daktari alikuja, akasema Bibi apumzike na asikaribie moshi kwa siku nyingi. Bibi alimwambia daktari kwamba moshi ndio uliomkaribia yeye.

Alasiri ile Shangazi alikifungua kitufe cha ghala. Waya mmoja ulikuwa umelala nyuma ya kifuniko, haujafungwa popote. Akamwita Kuyili.

"Nilipokuwa nafunga kitufe hiki, Mzee aliniita ofisini. Nikarudisha kifuniko nikisema nitamalizia, nikasahau. Hilo ni kosa langu, na nimeshamwambia Mzee na Bibi. Jaribio lako ndilo lingelionyesha."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize vizuri, maana sitarudia. Kuogopa giza si kosa. Mimi naogopa ngazi ndefu, na wateja wangu wote wanajua, wananishikia ngazi. Ungeniambia unaogopa, ningekuja kusimama nawe. Hofu yako haikumfungia Bibi mle ndani. Aliyemfungia ni mimi kwa kusahau, na wewe kwa kudanganya. Na leo mbele ya watu uliogopa zaidi, lakini ukasema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomtoa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako, mwanangu, ilikuwa na urefu wa korido hii."

Kesho yake ilikuwa siku ya kuanza. Siku hiyo vitabu na zana huchukuliwa tena, na watoto wadogo huandikishwa herufi yao ya kwanza kwenye sinia la mchele. Shangazi alifunga waya, akawasha kompyuta, akaita mlango wa nne ujaribiwe upya. Wafumaji walisogea kutazama. Maaran naye alikuwapo.

Kuyili alisimama kizingitini. Taa ya ghala ilikuwa bado haijabadilishwa.

"Shangazi," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "naogopa."

Hakuna aliyecheka. Maaran alitoa tochi mfukoni, akamnyoshea. "Shika, Mama Ta... shika, Kuyili," alisema. Bibi Angammal, aliyekatazwa kutoka kitandani, akajipenyeza kati ya watu, akamshika mjukuu wake mkono.

"Twende wote," Bibi alisema. "Mimi chumba hiki nakijua sasa."

Waliingia, na mlango ukajifunga nyuma yao. Kuyili alimulika ukuta, akakiona kitufe cha kijani, akakibonyeza. Juu yao sumaku iliachia, tak, na mwanga wa korido ukaingia.

"Umefunguka?" Shangazi aliuliza kutoka ofisini, akiitazama kompyuta.

Kisha akainuka kitini, akatembea korido nzima, akaja kuutazama mlango kwa macho yake.

"Umefunguka," alijibu Kuyili.